Mzee Felisiani, Aliyeupa Mfumo Wetu Jina Lake

Kwa hiyo hapana, kama nilivyokuwa nikiwaambia juzi wakati wa chai kabla hatujaitwa mapokezi, si yeye aliyeufunga mfumo. Nitafika hapo, msiniharakishe. Kwanza niandike yale ambayo andiko la kumuaga mtu haliwezi kuyaacha. Mzee Felisiani Deusdedit, msimamizi wa masjala na wa mfumo wa kumbukumbu katika Kituo chetu cha Afya Nuru Mpya hapa Mpanda, anastaafu Ijumaa tarehe 4 Julai 2025, siku anayotimiza miaka sitini. Ametumikia kituo hiki miaka thelathini na minne, na katika faili lake hakuna barua hata moja ya onyo. Wiki iliyopita faili hilo lilikaribia kuchafuka, na ndiyo sababu niliomba mimi ndiye niandike ukurasa huu wa jarida letu la kituo.

Wengi mnanijua kama Emelyne wa takwimu, dirisha la pili. Nilizaliwa Katumba, nikasoma hadi kidato cha nne, na tangu Jumamosi ya tarehe 14 Juni mimi ni mke wa Silvester. Mtanivumilia nikilitaja jina hilo mara kwa mara. Bado ni tamu mdomoni.

Mzee Felisiani aliajiriwa mwaka 1991 kama mhudumu wa masjala. Masjala wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye masanduku ya mbao yaliyojaa kadi za wagonjwa, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Majimoto ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alijua kulima mpunga na kuandika mwandiko mzuri, basi. Mwandiko ndio uliompa kazi. Kadi hakuzipanga kwa alfabeti. Alizipanga kwa kijiji na kwa jirani, kwa sababu aliona wanawake wanavyobadilika majina: huyu ameandikwa kwa jina la baba yake akiwa msichana, akaja na jina la mume alipoolewa, na alipokuja kujifungua mara ya pili akajitambulisha kama Mama fulani. Wahudumu wengine waligomba. Yeye aliuliza tu, "Nyie mnakaa karibu na nani?" na kadi ikapatikana.

Kompyuta ya kwanza ilifika mwaka 2009. Kituo kilimpeleka Sumbawanga wiki mbili kwa mafunzo, akarudi na cheti pamoja na daftari kubwa la kaunta ambalo juu ya jalada aliandika "Kadi ya Mgonjwa". Mgonjwa ni mashine. Kila ilipogoma, aliandika mistari minne: dalili, vipimo, chanzo, tiba. Alikuwa na masharti mawili ambayo kila aliyewahi kukaa naye anayajua. Andika kabla ya kugusa. Na ukigusa, gusa kitu kimoja tu, pima, ndipo uguse kingine. Mke wake alimfumia kitambaa kizuri cheupe cha kuifunika mashine isipate vumbi, lakini mzee akakirudisha nyumbani kwa heshima zote, akasema mashine nayo inapumua.

Kwa ambao hawajaingia masjala, seva yetu ni ile kompyuta nyeusi iliyo chini ya dirisha. Ndani yake kuna mfumo, yaani zile kurasa tunazofungua kwenye skrini zetu, na kuna kanzidata, yaani ghala lenye mafaili yote ya wagonjwa. Ukibonyeza jina la mgonjwa, mfumo unagonga mlango wa kanzidata, unataja jina la mtumiaji na nywila, na ukitambuliwa unafunguliwa. Mambo hayo yote yanafanyika humu humu ndani, kupitia nyaya zilizopita darini. Intaneti haihusiki.

Hilo la mwisho amelirudia miaka yote na bado hatusikii. Mfumo ukikwama kidogo, utaona watu wanatoka nje na simu zao, wanazinyanyua juu kutafuta mtandao. Kuna tabibu mmoja mgeni, simtaji kwa sababu leo ni rafiki yangu, aliyenunua bando la wiki nzima ili mfumo ufunguke. Mzee Felisiani alimkuta anahangaika na simu mbele ya skrini, akamuuliza kwa upole, "Daktari, ukitaka kuingia chumba cha pili, unapitia Dodoma?"

Na kuna ile hadithi ya birika. Kwa miezi miwili, kila asubuhi kati ya saa nne na saa nne na robo, watu wa chumba cha dawa walikuwa wanapoteza mawasiliano na kanzidata, halafu yanarudi yenyewe. Fundi aliyeitwa kutoka mbali aliandika kwamba seva imezeeka. Mzee Felisiani alichukua kiti, akakaa korido siku tatu mfululizo na daftari lake mapajani. Siku ya tatu akaona mtu anachomoa kwenye soketi kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zetu, anachomeka birika la chai. Kesho yake alileta fundi umeme, birika likapata soketi yake. Kwenye daftari, mbele ya neno "tiba", ameandika: "Kila kitu kiwe na chake."

Mimi nilikuja Agosti 2023 kwa mkataba wa miaka miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Na, ee Mungu, yeye ndiye aliyenipa mume. Silvester ni fundi pikipiki, karakana yake iko njia ya kwenda sokoni, na mwaka jana alikuwa anamleta mama yake kliniki ya presha. Siku moja alikuja dirishani kwangu peke yake, kuulizia faili la mama. Siku mbili baadaye akaja tena. Mara ya tatu Mzee Felisiani aliinua macho kutoka kwenye daftari, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi, "Binti, kijana huyu anaulizia faili ambalo halijapotea. Mpe namba yako ya simu, watu wengine wanasubiri." Nilitaka ardhi inifiche. Silvester akacheka, na nilipoona anavyocheka nikajua nimekwisha. Mikono yake ina harufu ya oili hata siku ya Jumapili, na mimi sitaki harufu nyingine.

Sasa nifike pale.

Nilirudi kazini kutoka likizo ya harusi Jumatatu tarehe 23 Juni. Nilikuwa na furaha ya kutaka kubadilisha dunia nzima. Nilibadilisha jina kwenye beji, kwenye simu, kwenye kikombe changu cha chai. Jumanne jioni, wagonjwa wameisha na skrini zote zimefungwa, nikaingia kwenye ukurasa wa kusimamia kanzidata. Mzee Felisiani alikuwa amenipa ruhusa hiyo kwa sababu mimi ndiye nitakayeipokea kazi yake. Kwenye orodha ya watumiaji nikajiona pale: emelyne_audace. Audace ni baba yangu, na ninampenda. Lakini nikaandika emelyne_silvester. Ukurasa ukaniuliza: la zamani libaki au lifutwe? Nikatabasamu peke yangu kama mtu aliyepewa ua, nikabonyeza lifutwe.

Nilidhani nimebadilisha ufunguo wa mlango wangu mwenyewe. Sikujua kwamba Novemba iliyopita, radi ilipounguza seva ya zamani, fundi aliyekuja kufunga hii mpya alikuwa anawahi basi. Aliujaribu mfumo kwa jina langu, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele yake, ukafunguka, akaliacha hivyo hivyo ndani ya faili la mipangilio, akaondoka. Miezi saba kituo kizima kilikuwa kinaingia ghalani kwa jina la Emelyne wa Audace, na hakuna aliyejua, hata Emelyne.

Jumatano tarehe 25 ilikuwa kliniki ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali. Watoto thelathini na mmoja. Dawa yao hupimwa kwa uzito na kwa majibu ya damu ya kliniki iliyopita, na majibu hayo yako ghalani tu, kwa sababu kadi za karatasi tuliacha kuziandika. Saa mbili asubuhi kila skrini ikaandika sentensi ile ile: mtumiaji amekataliwa, mfumo umeshindwa kuunganishwa na kanzidata. Watu wakatoka nje na simu zao.

Daktari Mercy, mganga mfawidhi wetu, alikuja masjala mwenyewe. "Mzee wangu, jana si ulikuwa unabadilisha nywila kwa ajili ya makabidhiano?"

"Nilibadilisha moja, ya msimamizi," akajibu.

Basi, hukumu ikatoka. Korido nzima ikajua ni mzee. Mmoja akasema, "Miaka sitini siyo mchezo." Mwingine, "Ameondoka na funguo kabla hatujamuaga!" Watu wakacheka, na mimi, naandika haya nikiwa na aibu, nilitabasamu kidogo, kwa sababu wakati huo hata mimi niliamini hivyo. Daktari Mercy hakucheka. Alisema hawezi kumpa mtoto dawa kwa kubahatisha, na kwamba mafaili yasipofunguka kufikia saa sita, atawarudisha wote nyumbani na ataandika taarifa ya uzembe. Alilisema neno hilo, uzembe, mbele ya mtu ambaye alikuwa amebakiza siku tisa.

Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa mama mmoja, Josephina, ametoka Mwese na binti yake Queen wa miaka saba. Walitembea mpaka walipopata pikipiki, na pikipiki ikaharibika njiani, wakatembea tena. Alinishika mkono. "Nesi, nikirudi nayo hii njia bila dawa, mguu wake utaanza kuuma Ijumaa. Naujua." Mimi si nesi, lakini sikumsahihisha.

Mzee Felisiani alifungua daftari, akaandika tarehe na dalili, ndipo akagusa. Alianza na nyaya. Nzima. Akaangalia kama kanzidata yenyewe inafanya kazi. Inafanya kazi, na kwa nywila yake mpya ya msimamizi ikamfungulia mara moja, kwa hiyo siyo nywila. Mtu mwingine angetoka koridoni kulitangaza hilo ajisafishe. Yeye aliandika "kipimo cha tatu, sawa" akaendelea. Akaizima seva, akaiwasha. Vile vile. Saa nne ikafika, na saa nne na nusu. Watu walikuja mlangoni kumshauri abadilishe hiki na kile kwa pamoja. Hakumsikiliza hata mmoja. Kitu kimoja, kisha kipimo.

Saa tano kasoro akafungua faili la mipangilio kusoma mfumo unabisha hodi kwa jina la nani. Akasoma. Akafungua orodha ya watumiaji, halafu akarudi nyuma kwenye daftari hadi Novemba, ambako alikuwa amenakili orodha yote kwa mkono wake. Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Jina moja lililokuwepo Novemba halipo. Jina moja lisilokuwepo lipo.

Akageuka akanitazama. Akaitazama pete yangu. Akasema polepole, "Hongera tena, mwanangu."

Nilielewa hapo hapo. Lakini yeye alikuwa amesharudi kwenye kibodi. Hakulirudisha jina langu la zamani, ingawa hiyo ndiyo ingekuwa njia ya haraka. Aliufungulia mfumo akaunti yake wenyewe, yenye ruhusa ya kusoma na kuandika mafaili tu na si zaidi, akaandika jina hilo na nywila yake katika faili la mipangilio, akahifadhi. Akasema, "Hili haliolewi, halistaafu." Kisha akaniambia nibonyeze mimi.

Nikabonyeza. Faili la Queen likafunguka na uzito wake, na majibu yake ya damu, na hata ile picha yake ambayo amenuna. Sijui nieleze vipi ahueni ile. Ni kama mtu anapokutua ndoo ya maji kichwani baada ya safari ndefu, shingo inakuwa nyepesi mpaka unashangaa. Koridoni walipiga makofi. Saa tano na dakika kumi Queen alikuwa anapimwa uzito, na saa nane mtoto wa mwisho aliondoka na dawa yake.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini mchana ule Mzee Felisiani alijaza taarifa ya tatizo, nami nikasoma juu ya bega lake. Mbele ya neno "chanzo" aliandika: kosa la msimamizi wa mfumo wakati wa makabidhiano.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo siyo kweli."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Agosti."

"Basi. Mimi Ijumaa ya wiki ijayo naenda Majimoto. Kosa nitalibeba, halina uzito. Wewe unabaki." Akapiga saini kwa mwandiko wake ule mzuri.

Nikanyamaza. Siku nne nilinyamaza, nikapita koridoni nikisikia utani wa funguo na miaka sitini, na kila nilipousikia niliona wanamnyang'anya kitu ambacho amekijenga tangu kabla mimi sijazaliwa. Jumapili baada ya ibada nilimpikia Silvester ugali na samaki aina ya migebuka, nikashindwa kula, nikamwambia yote. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Kama jina langu ndilo lililofunga kituo cha afya, basi hata mimi nina kesi. Kesho twende wote." Nimeolewa na mtu wa namna hiyo. Nawaombea nyote ambao bado.

Jumatatu asubuhi tulisimama mbele ya Daktari Mercy, Silvester na ovaroli lake la karakana. Nilimweleza yote, Daktari akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Kosa la kubadilisha jina, hilo ni la wote. Tulikupa funguo bila kukuonyesha nyumba nzima. Lakini siku nne za kukaa kimya, Emelyne, hizo ni zako." Nikasema ndiyo, ni zangu. Kuhusu mkataba alisema Agosti tutazungumza, na sikuuliza zaidi. Akaitoa ile taarifa kwenye faili, akanipa kalamu, nikaandika chanzo upya kwa mkono wangu, nikasaini kwa jina langu jipya. Halafu akaniambia, "Uliomba kuandika kwenye jarida. Andika na hili. Waliocheka koridoni wasome wote, na wa kwanza nitakuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema uzembe."

Basi mmesoma. Faili la Mzee Felisiani ni safi kama lilivyokuwa mwaka 1991, na shingo yangu ni nyepesi tena.

Kwa niaba ya wote tunaosubiri nyuma ya madirisha na wote wanaosubiri mbele yake, Mzee, asante kwa kadi ulizozipata pale wengine walipogomba, asante kwa birika, asante kwa watoto thelathini na mmoja. Asante kwa sauti ile iliyonipa mume. Najua ulinikataza kusema, na utakaposoma haya kwenye sherehe utanitazama kwa yale macho yako ya juu ya miwani. Nitazame tu. Tunakuombea afya, mavuno ya kutosha, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu anayekuita kwa sababu skrini imegoma. Uende ukapumzike, na jina lako lote ukiwa nalo.

Daftari la kaunta umeniachia mimi. Ukurasa wa tarehe 25 Juni ulikuwa na dalili, vipimo na tiba, lakini mbele ya chanzo uliacha wazi. Uongo ule uliuandika kwenye taarifa ya ofisi, kwenye daftari lako ulishindwa. Nimepajaza. Nimeandika: Emelyne, kwa furaha. Lakini ukurasa haujasainiwa na mwalimu, na mimi sijui kufunga ukurasa bila saini yako. Jumamosi ya tarehe 26, kabla Julai haijaisha, Silvester na mimi tutapanda basi la asubuhi, tupite mbugani na mbung'o wake wote, tuje Majimoto na daftari mkononi. Mwambie mama akitafute kile kitambaa cheupe. Tutakula juu yake, kisha utasaini.